Ni Ukame Uliomhamisha Baba Mdogo?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Nasoma kila mahali kwamba ifikapo mwaka 2050 watu milioni 200 watakuwa wamehama kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, na wengine wanataja hata bilioni moja. Baba yangu mdogo aliacha kilimo baada ya mvua kukosekana misimu mitatu mfululizo. Aliuza ng'ombe, na leo ni mlinzi mjini. Na yeye yumo kwenye hesabu hiyo? Ni mkimbizi? Naomba unieleze: mazingira yakibadilika, yanamhamishaje mtu hasa?

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: mtu anahamaje, wako wangapi, na tuwaite nani. Naanza na baba mdogo, maana hata baada ya miaka mingi ya kushughulika na takwimu za uhamaji, bado naona kaya moja ikifuatwa hatua kwa hatua hufundisha kuliko ramani ya dunia iliyojaa mishale myekundu.

Msimu wa kwanza mvua ikikosekana, mkulima hahami. Anapunguza milo, anakopa mbegu kwa jirani, anauza mbuzi wawili watatu, anasubiri. Mkulima huamini msimu ujao, asingeuamini asingelima.

Msimu wa pili anaingia kwenye ng'ombe. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni. Mvua haikumnyima yeye peke yake, imelinyima bonde zima, kwa hiyo siku anayompeleka ng'ombe mnadani, mnada umefurika ng'ombe. Wote wamekonda, mbavu zinahesabika, na wanunuzi wanajua kwamba muuzaji hana malisho ya kumrudishia. Bei inaporomoka. Wakati huohuo nafaka imeadimika na bei yake inapaa. Ng'ombe ambaye mwaka wa neema angeleta magunia kadhaa sasa analeta gunia moja, pengine na nusu. Mnyama ni yuleyule na nafaka ni ileile. Bei zao ndizo zilizopishana, moja ikishuka huku nyingine ikipanda, na kupishana huko hufilisi kaya kabla njaa yenyewe haijabisha hodi. Ndiyo maana mashirika yanayofuatilia njaa huulizia kila mara mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za nafaka, na hujali jibu hilo sawa na kiasi cha mvua.

Msimu wa tatu unamkuta na maksai wa kulimia tu. Akiwauza, hata mvua ikirudi vizuri kabisa, hana cha kulimia. Kwa hiyo ukiniuliza baba mdogo alihama lini, sitakutajia siku aliyopanda basi. Nitakuambia alihama siku alipokabidhi kamba ya maksai wa mwisho kwa mnunuzi. Basi lilikuja kumalizia tu.

Ukame, basi, haukumhamisha moja kwa moja. Ulipitia kwenye mfuko wake. Ukinielewa hapo, mengi yanayosemwa kuhusu tabianchi na uhamaji utayapima mwenyewe, kwa sababu jirani yake aliyepata ukame uleule lakini ana kisima, au mtoto mwenye mshahara, au shamba la pili karibu na mto, huenda yuko palepale hadi leo. Mvua iliwakosa wote wawili, lakini hali zao hazikuwa sawa tangu mwanzo.

Angalia pia ni nani huondoka. Mara nyingi huondoka mmoja kwanza, na hatumwi ovyo. Kaya inamchagua mwenye nguvu na mwenye mtu wa kumpokea huko aendako, kisha inampeleka kwenye kipato kisichotegemea wingu lilelile. Mshahara wa mlinzi ni mdogo, lakini huingia mvua inyeshe isinyeshe. Akituma pesa nyumbani, waliobaki hununua mbegu na wanaendelea kubaki. Kuhama kwa mmoja kunawazuia wengine wasihame. Hili huwa nalisisitiza kwa sababu mjadala wa hadharani hudhani kila anayehama ameshindwa. Kwa kaya nyingi za vijijini kuhama ni bima, na mara nyingi ndiyo bima pekee waliyo nayo.

Sasa karani wa sensa akimkuta baba mdogo langoni kwake na kumwuliza sababu ya kuhama, atajibu "kutafuta kazi". Hatakuwa anadanganya. Lakini ukame utakuwa umetoweka kwenye fomu. Hilo ni tatizo letu kubwa sisi tunaohesabu: sababu ya mazingira hujificha ndani ya sababu ya uchumi, na anayeulizwa huitaja ile ya mwisho tu. Ripoti kubwa iliyoandaliwa kwa serikali ya Uingereza mwaka 2011 ilijaribu kulipanga jambo hili kwa kutaja misukumo mitano, yaani uchumi, siasa, jamii, idadi ya watu na mazingira, na ikasema mazingira hufanya kazi zaidi kwa kuigusa ile mingine minne. Mpango mzuri, ingawa maisha hayana droo tano.

Utafiti wa mashambani unaafiki, na wakati mwingine unashangaza. Mali ilikumbwa na ukame mkali kati ya 1983 na 1985. Mtafiti Sally Findley alikuwa na takwimu za familia za bonde la Mto Senegal, eneo ambalo vijana wake walikuwa na mazoea ya kwenda Ufaransa kufanya kazi. Ungetarajia ukame uwamwage watu Ulaya. Haikuwa hivyo. Uhamaji kwa jumla haukuongezeka. Kilichobadilika ni sura ya wahamaji: wanawake na watoto walikuwa wengi zaidi, na safari zikawa fupi, za kwenda na kurudi. Safari ya Ufaransa ina gharama, na mwaka wa njaa si mwaka wa kugharimia safari.

Pakistan inatupa somo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia kaya za vijijini kwa zaidi ya miaka 20. Nchi ile inajulikana kwa mafuriko, na mtu angetarajia mafuriko ndiyo yawaondoe watu moja kwa moja. Watafiti waligundua mafuriko hayakuwa na nguvu kubwa ya kuwahamisha watu kwa kudumu. Joto ndilo lililowahamisha, hasa wanaume. Ukifikiri kidogo inaeleweka. Mafuriko yanaonekana, kamera zinakuja, misaada inakuja, maji yanakupwa na kuacha udongo wenye rutuba, nyumba inajengwa tena. Joto kali halipigwi picha. Linaunguza mazao kimyakimya, linaondoa zaidi ya theluthi ya kipato cha shamba, na hakuna lori la misaada linalokuja kwa sababu ya siku za jua kali. Ndiyo maana huwa nawaambia waandishi wa habari kwamba picha ya paa linaloelea ni ya kweli, ila si lazima iwe picha ya uhamaji.

Hii isikufanye uone majanga ya ghafla kuwa madogo. Yanaondoa watu wengi sana, ila kwa namna nyingine. Kituo cha Geneva kinachofuatilia wakimbizi wa ndani kilihesabu matukio milioni 45.8 ya watu kulazimika kuhama ndani ya nchi zao kwa sababu ya majanga mwaka 2024, idadi kubwa kuliko zote tangu kilipoanza kuhesabu mwaka 2008. Soma neno "matukio" kwa makini. Mtu aliyekimbia kimbunga mara mbili amehesabiwa mara mbili. Na karibu milioni 11 kati ya hayo yalikuwa Marekani, wengi wao wakiwa ni watu walioamriwa waondoke kabla ya vimbunga kufika, wakarudi baada ya siku chache. Idadi kubwa inaweza kuwa dalili ya tahadhari iliyofanya kazi. Bangladesh ndiyo mfano ninaoupenda. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo hilo. Mei 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa mapema hadi kwenye majengo ya kujihifadhi, na waliokufa Bangladesh hawakufika mia. Kwenye jedwali hao milioni mbili wanaonekana kama msiba, lakini uhai wao umetokana na kuhama huko.

Kundi linaloninyima usingizi ni la wasioondoka. Kuhama ni gharama: nauli, chakula cha njiani, kodi ya mwezi wa kwanza, mtu wa kukupokea. Mazingira yakiharibika, haja ya kuondoka inaongezeka huku uwezo wa kuondoka ukipungua, na kaya maskini kabisa inaweza kuvuka mstari ule wa maksai bila kuwa imepata hata nauli. Wachumi Cristina Cattaneo na Giovanni Peri walilinganisha nchi 115 kwa miaka ya 1960 hadi 2000, wakakuta kwamba joto lilipopanda, watu wa nchi za kipato cha kati walihama zaidi kwenda nje, lakini katika nchi maskini zaidi uhamaji ulipungua. Joto liliwafunga. Ile ripoti ya Uingereza ya 2011 iliwapa watu hawa jina, waliokwama, na ilionya kwamba tatizo lao ni zito sawa na la wanaohama. Hawavuki mpaka, hawaombi hifadhi, hawaonekani kwenye takwimu yoyote ya uhamaji, na kwa hiyo hawamtishi mwanasiasa yeyote.

Hata nchi tajiri ina waliokwama. New Orleans, Marekani, Agosti 2005: amri ya lazima ya kuondoka ilitolewa siku moja kabla ya kimbunga Katrina kutua. Mwenye gari, kadi ya benki na ndugu jimbo jingine aliondoka. Asiye na gari alibaki, wengine wakaishia juu ya mapaa. Kisha mambo yakageuka: baada ya maji kukauka, mwenye bima ya nyumba alirudi kujenga, na aliyekuwa amepanga chumba katika mtaa uliobomoka hakuwa na pa kurudi. Sensa ya 2000 ilikuwa imehesabu wakazi wapatao 484,000. Ya 2010 ilihesabu takriban 343,000. Dhoruba iliwapiga wote kwa upepo mmoja. Nani aondoke, nani akwame, nani arudi, hilo liliamuliwa na mambo yaliyokuwapo kabla upepo haujavuma.

Watu wanaposema jambo hili ni geni, huwa nawarudisha kwenye miaka ya 1930 katika tambarare za Marekani. Wakulima walikuwa wamefyeka nyasi za asili kwa ajili ya ngano, ukame ukaja, udongo uliokosa mizizi ya kuushika ukapeperuka na kulifanya jua liwe jeusi mchana. Takriban watu milioni 2.5 walikuwa wameondoka majimbo yale kufikia 1940. Hadithi inayojulikana ni ya familia zilizofukuzwa na vumbi hadi California. Lakini ukichunguza walikotoka, wengi wa waliofika California hawakutoka kwenye kitovu cha vumbi. Walitoka mashamba ya pamba ya mashariki ya Oklahoma na majimbo jirani, walikuwa wapangaji wa ardhi ya watu wengine, na kilichowaondoa kilikuwa mchanganyiko wa ukame, bei ya pamba iliyoanguka, trekta lililochukua kazi zao, na mpango wa serikali uliowalipa wenye ardhi wapunguze eneo la kulima. Mwenye ardhi alipokea malipo, mpangaji akaambiwa afungashe. Vumbi lilikuwepo, ila si vumbi lililopiga saini.

Na si kila badiliko la mazingira ni la tabianchi. Bahari ya Aral, iliyopo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti iligeuza maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kwenda kumwagilia pamba, na ziwa likaanza kukimbia pwani yake. Mji wa bandari wa Moynaq ulibaki na meli zilizolala juu ya mchanga, maji yakiwa makumi ya kilomita mbali, na kiwanda chake cha samaki kikakosa samaki. Wavuvi waliondoka. Hapo hakuna haja ya kuilaumu hewa ya ukaa. Kuna ofisi iliyoamua. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi kiongozi yeyote aliyeharibu chanzo cha maji hupata kisingizio rahisi cha kusema "ni tabianchi". Jakarta, jiji la Indonesia, nayo inazama, na bahari kweli inapanda, lakini kwa sehemu kubwa mji ule unashuka wenyewe kwa sababu maji ya chini ya ardhi yamevutwa kupita kiasi. Mkazi anayehama kwa kuchoka na mafuriko hajali maji yalipanda au ardhi ilishuka. Anayetafuta suluhisho lazima ajali.

Mahali ambapo tabianchi inaonekana wazi kuliko kwingine ni visiwa vya matumbawe vya Pasifiki, na hata huko mambo hayaendi kama watu wanavyodhani. Kina cha bahari duniani kilipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Watu husikia hivyo na kuwaza kisiwa kikizama kama meli. Hatari hufika mapema zaidi, kupitia kisima. Kisiwa cha aina hiyo hakina mto. Mvua inayonyesha hupenya mchangani na kukaa chini yake kama utando wa maji matamu unaoelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Watu huchimba visima hadi kwenye utando huo, na huchimba mashimo ya kupanda magimbi makubwa ambayo mizizi yake huyanywa maji hayohayo. Maji makuu yakija na mawimbi kuvuka ukuta wa pwani hata mara moja, chumvi huzama mchangani, kisima huchachuka na magimbi hunyauka. Utando hujiponya mvua ikinyesha ya kutosha. Mawimbi yakivuka kila mwaka, au ukame ukija kati yake, haujiponyi. Kisiwa kinaweza kuwa juu ya maji kabisa, kimejaa minazi, na bado kisiwe na kikombe cha maji ya kumpa mtoto.

Hapo tunaingia kwenye swali lako la ukimbizi. Mwanamume mmoja wa Kiribati, mojawapo ya nchi za visiwa hivyo vya Pasifiki, aliyekuwa akiishi New Zealand, aliomba hifadhi kwa hoja za namna hiyo: visima vimeingiwa na chumvi, watu wamebanana, ugomvi wa ardhi unaongezeka. Mahakama zote hadi ya juu kabisa zilimkatalia, na mwaka 2015 akarudishwa kwao. Sababu ni kwamba Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kuteswa kwa misingi ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Bahari haimtesi mtu kwa sababu ya dini yake. Alipeleka malalamiko Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na uamuzi uliotangazwa Januari 2020 ulisema New Zealand haikukosea, maana bado kulikuwa na muda wa hatua za kuwalinda wananchi wa Kiribati. Lakini kamati iliongeza jambo ambalo wanasheria bado wanalitafuna: hali ya tabianchi ikifikia mahali pa kuhatarisha uhai, nchi inaweza kuwa na wajibu wa kutomrudisha mtu huko. Mlango haukufunguliwa, ila umeachwa bila kufuli.

Kwa hiyo "mkimbizi wa tabianchi" ni maneno ya magazeti, si ya sheria. Na wengi wa wanaoitwa hivyo hawalipendi jina lenyewe. Anote Tong, aliyekuwa rais wa Kiribati kuanzia 2003 hadi 2016, alisisitiza kuhama kwa heshima: watu wafundishwe kazi zinazohitajika nje, waende mapema wakiwa na ujuzi, wasije wakasubiri kuokolewa. Tuvalu, nchi nyingine ya visiwa hivyo, ilifuata njia ya mkataba. Makubaliano yake na Australia, yaliyosainiwa 2023 na kuanza kutumika 2024, yanaruhusu watu wa Tuvalu 280 kila mwaka kuhamia Australia kuishi, kufanya kazi na kusoma, na yanatamka kwamba Tuvalu itaendelea kuwa nchi hata bahari ikipanda. Kwa nchi yenye watu kama elfu kumi hivi, 280 kwa mwaka si jambo dogo.

Afrika, tofauti na watu wanavyodhani, imetangulia kwenye maandishi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua maana ya mkimbizi hadi kumhusisha anayekimbia matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma, na baadhi ya wanasheria wanasema ukame unaozaa njaa na vurugu unaweza kuingia humo. Mkataba wa Kampala wa 2009 unawataka wanachama wawalinde waliohamishwa ndani ya nchi na majanga, yakiwemo ya mabadiliko ya tabianchi. Na itifaki ya 2020 ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kuhusu watu kutembea huru ina kifungu cha kuruhusu wanaokimbia majanga wavuke mpaka. Utekelezaji ni hadithi nyingine. Lakini kifungu kile cha IGAD kimeandikwa na watu wanaojua wafugaji wanavyoishi. Mfugaji wa kuhamahama hahami kwa sababu tabianchi imemshinda. Kuhama ndiko kunakomwezesha kuishi na mvua zisizotabirika. Ukame humwumiza zaidi pale njia zake zinapozibwa na mashamba, uzio, vita au mpaka. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana Pembe ya Afrika kuanzia mwishoni mwa 2020, na Somalia peke yake zaidi ya watu milioni moja walilazimika kuhama mwaka 2022. Wengi walifika kwenye kambi za pembezoni mwa miji kama Baidoa bila mnyama hata mmoja. Hao hawakuwa wanafuata malisho tena.

Sasa idadi. Milioni 200 uliyoisoma ina wazazi wawili. Wa kwanza ni Norman Myers, mwanaikolojia wa Uingereza, aliyekadiria miaka ya 1990 kwamba watu wapatao milioni 200 wangeweza kung'olewa makwao. Njia yake kwa kiasi kikubwa ilikuwa kuhesabu wanaoishi kwenye maeneo ya hatari na kudhani wataondoka. Umeona Mali na umeona waliokwama. Unajua kwa nini hesabu hiyo haisimami. Mwaka 2005 ulitolewa utabiri wa wakimbizi wa mazingira milioni 50 ifikapo 2010. Ulipofika 2011, kuna visiwa vilivyokuwa vimetajwa kwenye ramani ya utabiri huo ambavyo sensa zake zilionyesha watu wameongezeka, na ramani ikaondolewa kimyakimya. Mzazi wa pili ni Benki ya Dunia, na huyu ni makini zaidi. Ripoti yake ya 2021 inasema hadi watu milioni 216 katika kanda sita huenda wakahama ifikapo 2050, milioni 86 kati yao Afrika kusini mwa Sahara. Magazeti huacha maneno mawili. Neno "hadi": hiyo ni hali mbaya kuliko zote zilizopigiwa hesabu, na ripoti yenyewe inasema hatua za mapema zinaweza kuipunguza kwa hadi asilimia 80. Na maneno "ndani ya nchi zao": hakuna hata mmoja kati ya hao milioni 216 anayevuka mpaka kwenye hesabu hiyo. Ile bilioni ilitokana na ripoti ya 2020 iliyojumlisha wakazi wa nchi 31 zilizoonekana hazina uwezo wa kuhimili vitisho vya mazingira. Kuishi kwenye nchi yenye kitisho na kufungasha virago ni mambo mawili, na ningemshauri yeyote asiitumie namba hiyo mbele ya watu wanaojua kuuliza.

Baba mdogo, basi, si mkimbizi. Hajavuka mpaka na hakuna anayemtesa. Kama ni mkimbizi wa ndani inategemea tunavyolisoma neno "kulazimika". Hakufukuzwa na mtu, alinunua tikiti mwenyewe, lakini alinunua baada ya njia nyingine zote kuzibwa moja baada ya nyingine. Sheria inapenda ama hiari ama shuruti, na yeye, kama watu wengi ninaokutana nao kwenye takwimu, amesimama katikati. Kwenye mfumo wa Benki ya Dunia, ambao hauulizi nia bali hulinganisha watu wangekuwa wapi tabianchi isingebadilika, huenda yumo.

Ningekuomba uangalie pia amehamia wapi, maana safari yake haikuishia kwenye usalama. Mwenye mshahara mdogo mjini hupanga palipo rahisi, na palipo rahisi huwa ni bondeni, kando ya mto au kwenye kinamasi kilichofukiwa. Mtu aliyekimbia uhaba wa maji hujikuta usiku wa masika akiweka godoro juu ya meza. Watafiti wengi, mimi nikiwemo, tumetumia muda mwingi kuuliza watu wametoka wapi na kidogo mno kuuliza wameingia kwenye hatari gani.

Ukipata nafasi, kaa naye umwulize mwenyewe. Usianze na tabianchi. Atakujibu kama redio. Mwulize maksai wa mwisho aliuzwa mwezi gani na kwa nani. Nani alimpokea mjini usiku wa kwanza. Mvua zikirudi misimu miwili mizuri, atarudi, au shamba limeshakodishwa? Anatuma kiasi gani nyumbani, na kinatumika kununua mbegu au kulipa deni? Halafu mwulize kuhusu jirani mmoja wa kijijini aliyetaka sana kuondoka mwaka ule akashindwa, na huyo sasa anaishije.